Sproketi ya meno 8 kwenye msumeno uliochongwa: dalili, chanzo na la kufanya

Wenye misumeno ya mnyororo hapa Mombasa, wale wanaopigiwa simu kutoka Mikindani hadi Bamburi kila upepo wa kusi unapolaza mwembe juu ya paa la mtu, wana mazoea mawili: kufungua ekzosi na kuongeza jino kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Mashine ikishachongwa, yaani kurekebishwa ili itoe nguvu zaidi, inapiga kelele zaidi, na kelele humfanya mtu aamini kwamba jino la nane litavutwa bila shida. Mara nyingine kweli linavutwa. Mara nyingi mashine hurudi kwenye banda la fundi na lawama: "Fundi, ya jirani haijaguswa, mbona inanishinda?" Nimepanga hapa lawama hizo jinsi zinavyoletwa, na mahali pa kutafuta chanzo chake.

Hesabu kwanza

Sproketi haiongezi nguvu hata kidogo. Inagawa tu ile iliyopo: kiasi kiende kwenye mwendo wa mnyororo, kiasi kwenye msukumo wake. Mwenye bodaboda aliyefunga sproketi kubwa ya mbele analijua hilo. Kwenye tambarare ya Nyali anapaa, lakini akitoka kwenye feri Likoni na gunia nyuma, ule mpando unamtoa jasho.

Kwenye mnyororo wa inchi 3/8, kila jino la sproketi huvuta milimita 19.05, yaani mara mbili ya inchi 3/8. Sproketi ya meno 7 basi huvuta milimita 133 injini inapozunguka mara moja, na ya meno 8 huvuta 152. Injini ikibaki kwenye mzunguko uleule, mwendo umepanda kwa asilimia 14. Msukumo nao umeshuka kwa asilimia 12.5.

Mnyororo wa inchi .325 una hesabu yake: meno 7 ni milimita 116, meno 8 ni 132, karibu sawa na 3/8 ya meno 7. Kwa hiyo anayehama kutoka .325 ya meno 7 kwenda 3/8 ya meno 7 amepandisha gia tayari, ingawa akihesabu meno anaona ni yaleyale. Akifika hapo halafu aongeze la nane, amepanda ngazi mbili kwa mpigo.

Sasa uchongaji. Tunaita "kuchonga" kazi ambazo hazifanani. Kufungua ekzosi, na kuondoa gasketi ya chini ya silinda ili mgandamizo upande, kwa kawaida huipa injini msukumo zaidi katikati ya mizunguko yake. (Ukiondoa gasketi, pima kwa waya laini wa kuchomelea nafasi inayobaki kati ya pistoni na kichwa, chini ya milimita 0.5 ni kutafuta msiba.) Kupandisha tundu la kutolea moshi ndani ya silinda ni jambo jingine: nguvu inahamia juu, mashine inakuwa dhaifu kidogo chini na kali sana kwenye mizunguko mingi. Msumeno wa aina ya kwanza una haki ya kudai jino la nane. Wa aina ya pili tayari unaukimbiza mnyororo upesi zaidi kwa meno yaleyale 7, kwa sababu injini inakata ikiwa kwenye mizunguko mingi zaidi. Ukiuongezea jino, unauburuta urudi kule chini ulikoudhoofisha mwenyewe.

Basi kabla ya kufungua skrubu yoyote, muulize mteja alichongewa nini. Asipojua, toa ekzosi na uangalie kwa tochi: tundu lililoguswa lina alama za tupa au za mashine ya kusagia, hasa kwenye ukingo wake wa juu.

Simu yako ni takometa

Injini ya mipigo miwili yenye silinda moja huwaka mara moja kila inapozunguka. Sauti yake kwa hiyo ni hesabu ya mizunguko. Programu yoyote ya simu inayochora masafa ya sauti itakuonyesha kilele kirefu, na ukikizidisha kwa 60 unapata mizunguko kwa dakika: 150 Hz ni 9,000, na 220 Hz ni 13,200. Vilele huja kwa mafungu, hivyo ukiona 160 na 320 pamoja, chukua kile cha chini.

Mzunguko wa bila mzigo hausemi lolote kuhusu kukata. Rekodi sauti wakati bapa, ule ubao wa chuma unaobeba mnyororo, limezama kwenye gogo, kisha zidisha Hz kwa idadi ya meno ya sproketi. Ukipata 160 Hz kwa meno 7, hiyo ni 1,120. Ili meno 8 yakupe mnyororo wenye kasi hiyohiyo, injini inatakiwa ikae 140 Hz, yaani mizunguko 8,400, nayo ni 1,120 tena. Ikikaa juu ya 140 ukiwa unasukuma vilevile, jino la nane limekupa faida. Ikishuka chini ya hapo, umenunua sproketi ili ukate polepole zaidi. Misumeno mingi ya kazi, ile ya sentimita za ujazo 60 hadi 75, hutoa nguvu yake kubwa karibu na mizunguko 9,000 hadi 10,000, na msukumo wake mkubwa karibu na 6,500 hadi 7,000. Mashine inayokata kwenye 7,000 haijafa, lakini imeacha sehemu ya nguvu zake bila kutumika.

Hesabu hii ya meno mara Hz ndiyo nitakayoirejea katika dalili nyingi zinazofuata.

"Bila mzigo unalia vizuri, ukigusa gogo unazama"

Hii ndiyo lawama kubwa, na karibu kila mtu hukimbilia kabureta. Ningeanza na mnyororo.

Mbele ya kila jino la kukata kuna kibonge kidogo kinachoamua jino lizame kiasi gani kwenye mti. Tukiite kidhibiti. Kwa mnyororo wa 3/8, kidhibiti kinakuwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Lakini watu wengi hukipiga tupa kwa jicho, "ili ung'ate", mpaka kinafika milimita moja au zaidi. Kwa sproketi ya meno 7 na mti laini, mashine ilivumilia. Sasa umeondoa asilimia 12.5 ya msukumo, na kila jino bado linadai lake lilelile. Mashine inazama.

Weka kipimio cha kidhibiti juu ya mnyororo na uangalie meno kadhaa, ya kushoto na ya kulia. Vidhibiti vikiwa vimeshushwa mno, hakuna tupa itakayovirudisha. Ama utumie mnyororo mwingine kwa majaribio, ama uendelee kunoa meno yenyewe bila kugusa vidhibiti mpaka tofauti irudi mahali pake, maana jino likirudi nyuma kwa kunolewa ncha yake pia hushuka. Usihukumu sproketi kabla ya hapo.

Kisha angalia urefu wa bapa na upana wa gogo. Bapa la inchi 20 lililozama lote kwenye mkwaju lina meno mengi ndani ya mti kwa wakati mmoja, na yote yanagawana msukumo mmoja. Mashine hiyohiyo yenye bapa la inchi 16 kwenye gogo la upana wa futi moja itavuta meno 8 kama haibebi kitu. Ndiyo maana ubishi wa "meno 8 ni mazuri" na "meno 8 ni mabaya" hauishi: wabishi wanakata vitu tofauti.

Tatu, kichungi cha hewa. Unga wa mwembe mbichi hushikamana na kichungi, na mashine iliyochongwa huvuta hewa nyingi kuliko ile kichungi kilichotengenezewa. Kipige, kioshe, kikauke.

Ndipo uje kwenye kabureta. Ekzosi ikifunguliwa, injini hupumua zaidi, na mafuta yasipoongezwa inakosa mafuta. Fungua skrubu ya H, ile ya mafuta ya mizunguko mingi, kwa kuigeuza kinyume cha saa, kidogo kidogo. Unachotafuta ni hiki: ukishika mafuta yote bila mzigo, sauti iwe na mkwaruzo, kama inaruka mipigo, ukiingia kwenye gogo, mkwaruzo upotee na sauti inyooke. Ikiendelea kukwaruza hata ndani ya gogo, mafuta yamezidi, na huko nako mashine huzama. Ikiwa safi na kali hata bila mzigo, mafuta ni machache, na pistoni italipa.

Mashine zenye koili inayozuia mizunguko zina mtego hapa. Zikifika kikomo chao, koili hukata moto, na sauti inayotoka ni kama ile ya mafuta kuzidi. Fundi anaisikia, anafunga H akidhani anasafisha sauti, kumbe anainyima injini mafuta. Kwa mashine za namna hiyo, tune ukiwa ndani ya gogo na usome Hz. Zile zenye kabureta inayojirekebisha kwa kompyuta hazina H ya kugeuza. Ziache zijisomee mabadiliko ya ekzosi zikiwa kazini kabla ya kupima chochote.

Ukimaliza hayo yote na bado meno mara Hz ni chini ya ile ya meno 7, rudisha meno 7. Mashine ni nzima, gia ndiyo si yake.

"Injini inalia juu, lakini kunatoka unga"

Msumeno unaokata hutoa maranda yenye umbo. Ukitoa unga, jino ni butu au kidhibiti kiko juu mno, na hapo idadi ya meno ya sproketi haina usemi.

Pwani inamaliza makali kwa njia zake. Mnazi una sehemu ngumu nje na laini katikati, na ile ya nje ina chembe za silika zinazokula makali haraka. Mvinje wa ufukweni una mchanga kwenye maganda. Mwarobaini wa kando ya barabara una misumari ya mabango iliyomezwa na mti, na hiyo utaijua kwa cheche. Jino lenye pembe kali hukata upesi kwenye mti safi lakini hapa huisha ghafla. Lile lenye kona iliyoviringwa kidogo huvumilia vumbi na mchanga, na kwa kazi za mjini mimi nalipendelea hata kama ni polepole kidogo siku ya kwanza. Mnyororo unaokimbia zaidi kwa asilimia 14 pia unagusa mchanga huo mara nyingi zaidi kwa dakika.

Noa kwa tupa ya milimita 5.5 kwa 3/8, au 4.8 kwa .325, nyuzi 30, mipigo sawa kila jino, kisha pima tena.

"Jana ulishinda, leo umeshindwa"

Matokeo yasiyorudiwa ni tatizo la upimaji zaidi ya mashine. Kuna anayekata vipande vitatu kwa meno 7 kwenye shina, kisha anabadilisha sproketi na kukata vipande vitatu vya meno 8 kwenye gogo hilohilo, lakini upande wa juu ambako limepungua upana. Akishangilia, anashangilia umbo la mti.

Ukilinganisha sproketi mbili kwenye mashine moja, tumia mnyororo mmoja. Mnyororo mpya kwenye sproketi kuukuu unasema uongo, na kinyume chake pia. Mwenye mashine mbili, moja ya meno 7 na nyingine ya meno 8, anapima mashine mbili, minyororo miwili na mikono miwili, kisha anampa sifa sproketi. Bora sproketi ya pete, yaani ile ngoma ambayo pete yake ya meno inachomoka, kwa sababu unabadilisha pete tu na kila kitu kingine kinabaki. Hakikisha pete mpya ina mfereji wa ndani unaolingana na ngoma yako, maana zipo za ukubwa zaidi ya mmoja.

Gogo zuri la kupimia ni lile lililochongwa pande nne, kwa kuwa upana wake haubadiliki. Likikosekana, tumia shina lililonyooka na ukate kwa zamu: pete ya 7, pete ya 8, ya 7 tena, ya 8 tena, ukisogea upande mmoja. Anza kuhesabu muda jino linapogusa ganda na umalizie kipande kinapoanguka. Video ya simu inatosha, na sauti yake utaisomea Hz baadaye. Injini iwe imepata moto, tangi liwe karibu na kiwango kilekile. Pima kwa njia mbili: mara moja ukiacha uzito wa mashine ushuke wenyewe, mara nyingine ukisukuma kwa makucha ya mbele. Meno 8 hupenda njia ya kwanza. Meno 7 husamehe ya pili. Kama kijana wako wa kazi ni mtu wa kusukuma kwa nguvu zote, meno 8 yatamvunja moyo hata kama kwa mkono wako yanashinda.

Usipimie kwenye mkoko. Mikoko ya Tudor na Mtwapa ni msitu wa hifadhi, na kuukata bila leseni ni kesi.

"Ulikuwa mkali Nairobi, hapa unachemka"

Dalili: mashine iliyonunuliwa au kuchongwa Nairobi, imeshuka na basi, inakata kwa kasi ya ajabu siku ya kwanza kisha inapoteza nguvu ikipata moto, na plagi yake imekuwa nyeupe.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya asilimia 15. Fundi wa kule akirekebisha kabureta vizuri, ameirekebishia hewa ile. Ikifika pwani, kila mvuto wa injini unaingiza hewa nyingi zaidi huku mafuta yakiongezeka kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi. Mwanzoni mtu hufurahi, kwa sababu hewa nzito ni nguvu kweli. Jino la nane linazidisha hatari: mashine inakaa chini ya mzigo mzito, mizunguko imepungua na feni ya kupoza nayo imepungua, huku silinda ikichemka. Pistoni inakwaruzwa upande wa ekzosi.

Kabla hujapima sproketi yoyote kwenye mashine iliyotoka bara, fungua H kwanza, ukate kidogo, utoe plagi. Rangi ya kahawia ndiyo unayoitaka. Ile iliyochongwa Mombasa na kupelekwa Nairobi ina shida ya kinyume, mafuta yanazidi, na hiyo angalau haiui.

Plagi ikibaki nyeupe hata ukifungua H, tafuta mahali inapovuta hewa: gasketi ya silinda iliyoondolewa bila gundi, mpira wa kabureta uliopasuka, sili ya krenki. Dalili ya wazi ni mashine kukataa kutulia ukiachia mafuta, inabaki ikilia juu. Na angalia chupa ya mafuta. Kwa oili nzuri ya mipigo miwili, mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Anayemwaga maradufu "ili pistoni isife" anapunguza petroli inayopita kwenye tundu la kabureta, na mchanganyiko unazidi kuwa wa hewa.

"Bapa linatoa moshi"

Pampu ya oili huendeshwa na mzunguko wa injini au wa ngoma ya klachi. Haijui mnyororo umesafiri mita ngapi. Kwa meno 8, kila mzunguko unatoa oili ileile lakini kwa milimita 152 za mnyororo badala ya 133, na kama injini imezama kidogo, oili kwa dakika nayo imeshuka. Ongeza pampu kwenye skrubu yake ya chini. Ikiwa tayari iko mwisho, safisha tundu la oili kwenye bapa na mfereji wake, geuza bapa. Elekeza ncha kwenye kigogo chenye rangi nyeupe na uvute mafuta: mstari wa oili uonekane. Oili ya gari iliyotumika ina chembe za chuma na hutiririka kama maji kwenye joto letu. Wanaoitumia wanajua wanachookoa na wanachopoteza.

Bapa lililogeuka rangi ya buluu upande mmoja limepindika au mfereji wake umebanwa. Hapo hata pampu ya kisima haitasaidia.

"Mnyororo umesimama, injini inaendelea kulia"

Hii ni tofauti na kuzama. Kwenye kuzama, sauti hushuka pamoja na mnyororo. Hapa sauti inabaki juu, mnyororo umeganda, na kuna harufu ya kuungua. Klachi inateleza. Injini iliyochongwa inatoa zaidi ya kile springi na viatu vya klachi vilichopewa, au viatu vimekwisha, au oili imeingia ndani ya ngoma.

Ngoma yenye rangi ya buluu imeshaungua. Ibadilishe pamoja na beringi yake ya sindano, ambayo kwenye unyevu wa chumvi wa hapa huota kutu mapema usipoipaka grisi. Klachi za misumeno mingi hufunguka kwa kugeuza upande wa saa, kinyume na nati ya kawaida, na watu wamevunja krenki kwa kutojua. Zuia pistoni kwa kuingiza kamba kwenye tundu la plagi. Bisibisi itatoboa pistoni.

"Unagongagonga, mnyororo unaruka"

Vitu vitatu lazima viwe na kipimo kimoja: mnyororo, sproketi, na gurudumu dogo la ncha ya bapa. Aliyehama kutoka .325 kwenda 3/8 na kuacha bapa la zamani atasikia mgongano kwenye ncha. Ile 3/8 ya misumeno midogo, yenye umbo la chini, nayo inataka sproketi za aina yake ingawa namba inafanana. Unene wa ndimi za mnyororo, 1.3, 1.5 au 1.6, unahusu mfereji wa bapa; sproketi haihusiki.

Sproketi yenye mikwaruzo ya zaidi ya nusu milimita itupwe. Ikila mnyororo mpya, umenunua viwili.

Jino la nane linachukua nafasi. Bapa litarudi nyuma karibu milimita 5, na kama skrubu ya kukazia haina nafasi hiyo, utahitaji mnyororo wenye ulimi mmoja zaidi. Mashine nyingine hazina nafasi kabisa ndani ya kifuniko, na mnyororo unakwaruza plastiki. Zungusha kwa mkono, ukiwa umevaa glovu, mizunguko kadhaa kabla ya kuwasha.

Jaribu breki ya mnyororo pia kila unapobadilisha pete. Kasi ikipanda kwa asilimia 14, nguvu iliyomo kwenye mnyororo unaokimbia hupanda kwa karibu asilimia 31, na hiyo ndiyo itakayokujia bapa likirusha nyuma au mnyororo ukikatika. Asisimame mtu kwenye mstari wa bapa. Kandambili hazifai, hata kama gogo liko uani kwako.

Unapopasua mbao

Kupasua gogo kwa urefu ni kazi ya peke yake: mzigo hauachi, dakika baada ya dakika, bapa lote limezama. Hapo, hata mashine iliyochongwa vizuri na inayovuta meno 8 kwa kukata vipande, mimi ningeirudisha kwenye meno 7 na kunoa kwa nyuzi 10 badala ya 30. Faida ya kasi inaliwa na joto, na mbao hutoka na mawimbi injini inapozama na kuinuka.

Mashine kubwa za zamani zina njia yake. Stihl 070, yenye sentimita za ujazo 106, imejengwa kwa mizunguko michache na msukumo mwingi, kwa hiyo haihukumiwi kwa 140 Hz niliyotaja juu. Pima Hz yake mwenyewe kwa sproketi iliyokuja nayo, ndani ya gogo unalopasua, na uifanye hiyo kuwa kipimo chako kabla hujagusa pete nyingine.